Ziara Inayoishia Feri

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Waliohesabiwa Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171. Likoni peke yake ilikuwa na watu 250,358, na Kisauni 291,930. Piga hesabu ya haraka utakuta kwamba katika kila wakazi 100 wa mji huu, 87 hulala ng'ambo ya maji. Sasa shika ratiba yoyote ya ziara ya Mombasa, iwe imebandikwa ukumbini mwa hoteli huko Nyali au wamepewa nayo abiria wa meli ya kitalii iliyotia nanga Kilindini: Fort Jesus, Mji wa Kale, Marikiti, Pembe za Ndovu, chakula cha mchana, kwaheri. Mgeni anarudi kwao akisema ameiona Mombasa.

Mimi ni mtu wa Bofu, kwa hiyo nitashukiwa kuwa nina wivu. Na nishukiwe. Swali lenyewe bado lipo, na halihusu wivu wa mtaa mmoja wa Likoni: hii ziara ya kikundi kidogo, watu sita au wanane nyuma ya mwongozaji mmoja, wanatembea kwa miguu nusu siku, inaufunua mji au inaufunika? Jibu langu ni kwamba namna yenyewe ya kutembea ni nzuri, pengine ndiyo nzuri kuliko zote tulizonazo. Kilichochakaa ni njia inayofuatwa.

Tuanze na uzuri wake, maana upo. Ziara huanza Fort Jesus asubuhi kabla jua halijakolea. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya msanifu Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Anayeingia peke yake husoma vibao, akapiga picha ya mizinga, akatoka. Anayeingia na mwongozaji hodari husimamishwa kwenye uwanja wa kati akasimuliwa habari za Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani aliyelelewa Goa na Wareno, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kutawala kwa niaba yao, na mwaka 1631 akawageuka na kuiteka ngome. Atasikia juu ya kuzingirwa kwa ngome 1696 hadi 1698, Waomani nje, njaa na maradhi ndani. Ataonyeshwa pia kwamba kuanzia 1895 hadi 1958 mahali hapa palikuwa jela ya serikali ya kikoloni, jambo ambalo wageni wengi hawalitazamii, kwa sababu wamekuja kutafuta Wareno.

Kutoka hapo kikundi kinaingia Ndia Kuu, na hapa ndipo hesabu ya vichwa inapoanza kuwa na maana. Vichochoro vya Mji wa Kale vilipimwa kwa mtu, punda na mkokoteni. Kundi la watu 25 likisimama mbele ya mlango wa nakshi, njia imefungwa. Mama mwenye kapu anasubiri, mtu wa mkokoteni anapiga mluzi, wazee barazani wananyamaza. Aliye nyuma hasikii kitu, basi anaanza kupiga picha za madirisha ya watu. Kundi la watu saba hupita likaacha nafasi. Mwongozaji husema kwa sauti ya kawaida, na akikutana na jirani hujibu salamu bila kusimamisha msafara. Wageni nao huonekana kama watu. Anayeuza kahawa chungu anaweza kuwamiminia wote saba vikombe na kuwauliza wametoka wapi. Wale 25 atawatazama tu wakipita.

Miji mingine imelazimika kulitungia jambo hili sheria. Amsterdam iliweka kikomo cha watu 15 kwa kila kundi mwaka 2020 na kuzipiga marufuku ziara zinazopita mbele ya madirisha ya wanawake wanaouza miili. Venice ilifuata 2024 kwa kikomo cha watu 25 na kukataza vipaza sauti. Sisi hatujafika kwenye msongamano wa Venice. Lakini siku ambayo meli kubwa imeingia Kilindini na mabasi yameshusha watu wake wote kwa mpigo karibu na ngome, mkazi wa Kibokoni anaelewa bila kufafanuliwa kwa nini watu wa Venice walichoka. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na hifadhi hiyo imeshughulika zaidi na kuta, milango na roshani. Utulivu wa wanaoishi nyuma ya milango hiyo haukuandikiwa kanuni.

Kuna faida nyingine ya kundi dogo ambayo haisemwi sana, nayo ni ya fedha. Ziara kubwa hulipwa mara mbili: mara ya kwanza na mgeni, mara ya pili na duka. Basi linasimama kwenye duka la vinyago kwa "dakika kumi" zinazogeuka arubaini, na aliyelileta anapata kamisheni. Kwa watu 25 kamisheni hiyo ina uzito. Kwa watu saba ni ndogo, na wale saba wako karibu mno na mwongozaji kiasi kwamba wataona akinong'ona na mwenye duka. Ndiyo maana mwongozaji wa kundi dogo hutegemea zaidi ada na bakshishi, na bakshishi hutoka kwa mgeni aliyeridhika na maneno yake. Sisemi kwamba mtindo huu unamfanya mtu kuwa mwaminifu. Nasema unaupa uaminifu faida kidogo, na hilo si haba katika biashara hii.

Basi tuyaangalie maneno hayo, maana ndiyo bidhaa inayouzwa.

Chukua zile pembe nne za Moi Avenue, ambazo kila mgeni wa Mombasa lazima apigwe picha chini yake. Masimulizi yaliyozoeleka ni kwamba zilisimamishwa 1952 kukumbuka ziara ya Elizabeth. Mwongozaji makini angeongeza kwamba ziara hiyo haikufika Mombasa. Binti mfalme alikuwa Nyeri baba yake alipofariki tarehe 6 Februari 1952. Meli Gothic ilikuwa ikimsubiri hapa Mombasa aendelee na safari, lakini yeye alipanda ndege Nanyuki, akapitia Entebbe, akarudi London akiwa malkia. Aliyefika Mombasa kweli ni mdogo wake Margaret, mwaka 1956, na wapo wanaozihusisha pembe na ziara hiyo. Kisa cha mji uliojipamba kwa mgeni ambaye hakutokea ni kitamu kuliko kile cha kawaida, tena kina ukweli ndani yake. Lakini kinachorudiwa ni kile cha kawaida, kwa sababu ndicho kilichomo katika vitabu vya wageni na ndicho mgeni amekuja akitarajia kukisikia.

Jambo hilo huwa zito zaidi tukifika kwenye utumwa. Katika pwani yetu shimo lolote lenye giza karibu na bahari hugeuzwa kuwa njia ya watumwa. Mfano unaojulikana zaidi uko Unguja. Pale Mkunazini wageni huteremshwa katika vyumba vya chini ya ardhi na kuambiwa kwamba humo watumwa walifungwa wakisubiri mnada. Soko lilikuwepo, hapo hakuna ubishi, na lilifungwa 1873. Lakini jengo lenye vyumba hivyo liliinuliwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, nalo lilikuwa hospitali. Soko la kweli na mateso ya kweli yamewekewa ushahidi usio wake. Mwongozaji hafanyi hivi kwa ubaya. Mgeni anataka kitu cha kuona, na utumwa haukuacha majengo mengi.

Isipokuwa Mombasa umeacha mahali, tena pa wazi, na mahali penyewe pako ng'ambo.

Ukivuka daraja la Nyali, lile lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea la 1931, dakika chache tu unafika Kengeleni. Pale njia panda, chini ya vumbi na honi za matatu, lipo tao lililotundikwa kengele. Huu ni mji wa Frere Town, ulioanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kianglikana miaka ya 1874 na 1875 na kupewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Waliokaa hapa ni watu walioshushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Waingereza. Walitoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa kila upande, wakakutana hapa bila lugha moja na bila ukoo. Kati ya waliokuja kuwasaidia walikuwemo Waafrika wa Bombay, ambao wenyewe walikuwa wameokolewa utotoni na kulelewa Nasik, India. Kengele iliwaita kwenye sala, na iliwaonya pia pale palipokuwa na tishio la wavamizi. Kanisa lao la Emmanuel bado linasali, na wajukuu wa watu wale bado wapo Kisauni na Kongowea, wanajulikana, wana majina yao na kumbukumbu zao.

Kwa hiyo mgeni anayetaka kujua utumwa wa pwani huweza kupelekwa kwa watu ambao ndio kizazi cha waliouvuka. Badala yake husimamishwa mbele ya shimo kisiwani. Magari ya watalii yanapita Kengeleni kila siku, asubuhi na jioni, kwa sababu hoteli zao ziko Nyali na Bamburi. Hayasimami. Ningepewa kubadilisha kitu kimoja tu katika ziara za Mombasa, hiki ndicho ningekibadilisha kwanza, kabla ya Likoni yangu.

Bara haijasahauliwa kabisa, nikubali. Haller Park iko Bamburi, na inastahili: machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo Rene Haller alianza kuyaotesha miti mwaka 1971, mivinje ikakubali kumea juu ya mawe matupu, majongoo wakala majani yake makavu na kuyageuza udongo. Bombolulu kuna karakana za watu wenye ulemavu. Changamwe kuna wachongaji wa Kikamba ambao chama chao cha ushirika kilianza 1963, na mabasi huenda huko. Lakini tazama bara imeingia kwa milango gani: bustani, karakana, duka. Mahali pa kununua na mahali pa kuona twiga. Hakuna aliyeingizwa Changamwe kwa sababu Changamwe ni mji.

Nayo ni mji, tena wa zamani, kwa hesabu ya Waswahili wenyewe. Wenyeji wa Mombasa walijihesabu mataifa kumi na mawili. Katika yale matatu, Thelatha Taifa, wapo Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Katika yale tisa wapo Wajomvu. Changamwe na Jomvu, ambazo mgeni wa leo huziona kwa dirisha la gari akitoka uwanja wa ndege au stesheni ya reli ya Miritini, zilikuwa na sauti katika shauri la mji kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa ufukweni. Wazee waliouendesha mji hawakuukomesha kwenye maji. Waliofanya hivyo ni watengeneza ratiba.

Sasa Likoni. Kwa nini ziara huishia feri?

Sababu ya kwanza ni hofu, na si ya kupuuzwa. Agosti 1997 washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, na ghasia zikasambaa pwani ya kusini. Watu waliotoka sehemu za ndani ya nchi na kukaa Likoni miaka mingi walikimbia, na hoteli zikabaki na wafanyakazi bila wageni. Machi 2014 kanisa moja la Likoni lilipigwa risasi watu wakiwa kwenye ibada. Mei mwaka huohuo Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa bila sababu ya lazima, na kampuni za usafiri zikawarudisha kwao mamia ya watalii waliokuwa katikati ya likizo. Marekani nayo kwa miaka mingi imewaambia watu wake waepuke feri ya Likoni, na Mji wa Kale baada ya giza kuingia. Onyo la namna hiyo haliondoki na sababu yake. Kampuni ya bima hulisoma, wakala wa Ulaya hulisoma, na mwenye hoteli hubaki akiinua mabega. Kijana wa Likoni aliyekuwa chekechea 1997 leo ni mzee wa nyumba, na bado anabeba sifa ya mwezi ule.

Sababu ya pili ni feri yenyewe. Mkondo wa Kilindini pale hauzidi sana nusu kilomita, lakini hakuna anayejua nusu kilomita hiyo itachukua muda gani. Chombo kikiharibika, foleni ya magari hupanda hadi Mtongwe na hata zaidi. Kampuni ya utalii huuza saa, na haiwezi kuweka kwenye ratiba kitu kisicho na saa. Kisha kuna kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na gati, na watu 272 wakafa. Chombo kilikuwa kimejaza kupita uwezo wake. Likoni hakuna nyumba ya miaka hiyo ambayo haikuzika au haikwenda kuzika. Mwaka 2019 gari lilirudi nyuma likateleza kutoka feri ya Harambee likiwa na mama na mtoto wake, na nchi nzima ilikaa siku kumi na zaidi ikisubiri wapiga mbizi.

Ndipo lilipokuja daraja letu. Wakati wa Korona serikali iliamua kwamba watu kubanana kwenye feri ni hatari, ikajenga daraja la kuelea la wapita njia kutoka Liwatoni, kisiwani, hadi Ras Bofu. Lilifunguliwa mwisho wa 2020, urefu wake kama kilomita moja na robo ukihesabu na njia za pembeni, gharama yake ikatajwa kuwa shilingi bilioni 1.9. Meli ilipotaka kupita, vipande vya kati vilifunguliwa na watu wakasubiri. Lilikuwa daraja la watu wanaowahi kazini, hakuna aliyelifikiria kwa macho ya mgeni, na kwa kweli ulikuwa mwendo mrefu kwa mwenye mzigo. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutoka kisiwani kwa miguu, akaja Bofu, na katikati ya njia akaiona bandari yote kutoka usawa wa maji: winchi za Kipevu upande mmoja, jeshi la majini la Mtongwe upande mwingine. Mandhari hiyo haipo katika ratiba ya mtu.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoipinga. Husemwa kwamba Likoni "hakuna kitu cha kuona". Anayesema hivyo anamaanisha hakuna ngome. Mtongwe wataalamu wa Kijapani walichimba mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakakuta zana za mawe za watu walioishi hapa maelfu kwa maelfu ya miaka kabla Mreno hajajua njia. Wilaya hii ni ya Wadigo kabla ya kuwa ya mtu mwingine, na ukikaa kwenye baraza la Shika Adabu au Timbwani utasikia Kidigo, Kimvita na Kiswahili cha bara vikipokezana katika sentensi moja. Na feri, ambayo imekuwa ikivusha watu hapa tangu 1937, ndiyo kazi ya mji ikionekana kwa macho: wasimamizi wake hutaja abiria zaidi ya 300,000 kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi teremka na umati ule wa manamba wa bandarini, wauguzi, wanafunzi, mama wa samaki na walinzi wanaotoka zamu, na utaelewa Mombasa inavyoendeshwa kwa namna ambayo mizinga ya Fort Jesus haiwezi kukueleza. Ukipanda juu ngazi za upande wetu kuna mahamri na mbaazi za nazi zinazouzwa kwa bei ya mfanyakazi.

Hapa najua nitapingwa, na pingamizi lenyewe ni zuri. Je, si hivyohivyo zilivyoanza ziara za Kibera, kule Nairobi? Mgeni analetwa kuwatazama maskini wakihangaika, anapiga picha, anaondoka na kisa cha kusimulia kwao. Kennedy Odede, aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO, aliandika mwaka 2010 katika New York Times jinsi alivyopigwa picha na mgeni akiwa kijana wa miaka 16 anaosha vyombo nje ya nyumba yao. Alisema ziara za namna hiyo zinageuza umaskini kuwa burudani. Sijasoma jibu lililoibomoa hoja yake.

Lakini hoja hiyo inapinga namna ya kutazama, haipingi kuvuka maji. Tofauti iko katika mambo yanayoweza kuangaliwa mapema. Je, mgeni anapelekwa mahali pa umma, kama feri, soko na ufuo, au anaingizwa katika uchochoro wa nyumba za watu? Je, kuna kazi inayoelezwa na anayeifanya, au umati unaonyeshwa kwa kidole? Nani anaongoza? Mtu wa Bofu akiwatembeza wageni saba Bofu, ana sababu ya kuwa na adabu: kesho atapita njia ileile bila wageni. Na kamera ibaki mfukoni kwenye feri kwa vyovyote, maana askari hawapendi, na kambi ya jeshi iko karibu. Mji usioweza kupigwa picha humlazimu mgeni aangalie na aulize. Hapo namna ya kundi dogo inafaa kuliko popote, kwa sababu watu saba hupanda feri kama abiria. Watu 25 wenye kofia za rangi moja ni msafara.

Tatizo ni leseni na mafunzo. Sheria ya Utalii ya 2011 inataka mwongozaji apewe kibali, na hilo ni sawa, mgeni anahitaji ulinzi. Lakini mitihani inayoheshimika zaidi nchini, ile ya chama cha waongozaji wa safari yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, imeegemea mbuga. Atakayeipita anaweza kukutajia ndege kwa jina. Hana haja ya kujua Thelatha Taifa. Kijana wa Kisauni anayeijua Frere Town kwa sababu bibi yake alizaliwa humo hana ngazi ya kupanda. Matokeo yake anaangukia ufukweni kuuza safari za mashua na minyororo ya shanga, akifukuzwa na walinzi wa hoteli, huku ujuzi alio nao ukikosa mnunuzi. Kaunti ingeweza kulirekebisha hili kwa gharama ndogo kuliko ile shilingi milioni 460 iliyotajwa kutengeneza bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa 2019. Bustani ni nzuri, na jioni tunaenda kula mihogo na kachri pale kama watu wote. Ukikaa kwenye ngazi zake unatazama Likoni. Mgeni naye anaitazama, kisha anarudishwa kwenye gari.

Na ni mgeni gani tunayemzungumzia? Tumezoea kumfikiria mzungu. Waongozaji wa Mji wa Kale walijifunza Kijerumani na Kiitaliano kwa sababu ndege za kukodi zilileta Wajerumani na Waitaliano, na wakafanya vyema. Lakini tangu treni ya Nairobi ianze safari 2017, mgeni wa Mombasa mwishoni mwa wiki ni familia ya Nakuru, wanachama wa chama cha akina mama wa Machakos, wanafunzi wa Kericho. Wanafunzi ndio wanaoijaza Fort Jesus muhula wa pili, basi baada ya basi, watoto 60 nyuma ya mwalimu mmoja, wakisomewa tarehe kwa Kiingereza na mtu ambaye lugha yake na yao ni Kiswahili. Hao ndio wanaostahili kundi dogo kuliko yeyote, na ndio wasiolipata, kwa kuwa bei hupangwa kwa kichwa na kwa dola. Shule ikigawa watoto wake makundi sita, kila moja na mwongozaji wake, moja likaanzia ngomeni, jingine Kengeleni, jingine kwenye feri, wakabadilishana baada ya saa moja, gharama ya ziada ni ujira wa vijana watano. Sioni ugumu wa jambo hilo isipokuwa kwamba hakuna aliyezoea kulipanga.

Pande zote mbili za mji sasa zimefunguka. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha Miritini na pwani ya kusini bila feri, na magari ya Diani yanapita huko. Kwa mtu wa Likoni hili lina heri na hasara. Foleni imepungua, na wakati huohuo mtalii aliyekuwa akilazimika kukaa saa nzima kati yetu, akanunua korosho na maji, sasa anatuzunguka kabisa. Tusipotengeneza sababu ya yeye kusimama, tutakuwa mtaa unaoonekana kutoka kwenye daraja la mbali.

Ukija Mombasa, mkodi mwongozaji, usitembee peke yako ukidhani simu inatosha. Kataa kundi linalozidi watu wanane. Kabla hujalipa, muulize maswali matatu: ataisimulia vipi 1952 ya zile pembe, atakusimamisha Kengeleni au atapita tu, na kama yuko tayari kuvuka nawe Likoni asubuhi na mapema. Akikataa hilo la mwisho kwa sababu ya gharama, mkumbushe kwamba anayetembea kwa miguu havushwi kwa pesa.